Karatasi Niliyomsomea Mjomba

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya TB, umeshika kikopo chako cha makohozi na umegeuzia uso ukutani asije akakuona mtu wa mtaani kwenu, sogea kidogo tukae wote. Mimi benchi hilo nimelikalia miezi sita. Sasa nimepona. Kipimo cha mwisho kimesema hivyo, na nguo zangu zimeanza kunibana tena. Ningeweza kunyamaza nikaendelea na maisha yangu, wala hakuna ambaye angeniuliza. Lakini nina aibu, jamani, na aibu hii nimeona niitoe hadharani maana ndani imeshanichosha.

Naitwa Mwanaidi. Nafundisha sekondari mjini Morogoro na nimepanga chumba Kihonda. Nimeandika riwaya mbili, ndogondogo, zinasomwa na wanafunzi wangu na walimu wenzangu wenye huruma. Mwaka ule nilipoanza kukohoa nilikuwa naandika kitabu cha tatu, maisha ya mwanamke mmoja wa Ulaya, mwandishi wa riwaya wa karne ya kumi na tisa. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa si lake. Aliishi kwenye nyumba ya baridi karibu na vilima, akaandika kwa jina la mwanamume ili wasimdharau, akaugua kifua, akamkataa daktari. Kila asubuhi aliamka, akavaa, akakaa kwenye kiti chake kama mzima, mpaka siku ya mwisho.

Mimi hapo ndipo nilipompendea. Si kwa riwaya zake, astaghfirullah, kwa ugonjwa wake! Sura ya tatu ya kitabu changu niliiita "Siku Aliyomkataa Daktari". Nikawasomea wasichana wangu wa kidato cha tatu, na wawili walitoa machozi. Nikafurahi sana siku ile. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa na kikohozi cha wiki ya tano.

Likizo ya Juni nikapanda Kinole, nyumbani kwa mama, ili nimalizie kitabu kwa utulivu. Juni kule mlimani ni baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, madirisha yanafungwa mapema. Nililala chumba kimoja na Tatu, mtoto wa mdogo wangu Hidaya. Alikuwa na miaka mitano na maneno mengi kuliko umri wake. Aling'ang'ania kulala na mimi, ati mama mkubwa ana hadithi. Basi tukalala kitanda kimoja, dirisha limefungwa, nikimsimulia hadithi na kumkoholea usoni.

Nikiulizwa, nilisema ni chaki. Ualimu huo, miaka kumi na mbili ya vumbi la chaki, utafanyaje? Mama akanichemshia mdalasini na tangawizi. Hidaya akaniletea asali. Mume wake, Selemani, akanitafutia majani ya mpera kule bondeni bila kuombwa. Wiki ya mwisho ya likizo nikaona doa jekundu kwenye leso. Nikajiambia ni fizi. Nikaifua leso mwenyewe, nikaianika ndani. Nikarudi mezani nikaandika kurasa nne za mwanamke wangu jasiri.

Hapa lazima nieleze kidogo habari za Selemani. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume akioa kwetu anakuja kukaa kwenye ardhi ya mkewe, analima, anajenga, na anabaki mgeni hata akizeekea hapo. Mwenye neno ni mjomba. Selemani ni mtu wa Kisaki, alikuja Kinole msimu wa kuchuma karafuu, akampenda Hidaya, hakuondoka tena. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu. Mpole, hana makuu. Mama alikuwa akimsifu mbele za watu, jambo ambalo mama halifanyi hovyo.

Septemba Hidaya akanipigia simu shuleni. "Dada, Tatu hali. Ana homa kila jioni na shingo imetoa tezi." Walimpeleka zahanati, zahanati ikawaandikia hospitali mjini. Majibu yakatoka: TB. Daktari akawaambia mtoto mdogo hivi haokoti njiani, kapewa na mtu mzima anayelala naye karibu.

Kinole nzima ikajibu kabla hata mimi sijapanda mlimani. Ni Selemani. Si alikuwa machimboni? Ugonjwa wa wachimbaji huo, nani asiyejua! Na Selemani, maskini, hakubishana. Alipanda gari peke yake mpaka mjini, akatoa makohozi, akapigwa picha ya kifua, akarudi na karatasi kwenye mfuko wa nailoni asije akailowesha.

Mjomba Athumani, kaka yake mama, akaita kikao siku ya Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Nami nikapanda kutoka Kihonda. Tulikaa ukumbini kwa mama: Mjomba kwenye kiti, mama na Hidaya kwenye mkeka, Selemani kwenye kigoda karibu na mlango. Mimi nikapewa kiti, mimi ni msomi. Nilikuwa na kipande cha tangawizi shavuni na mtandio mdomoni. Hata hivyo nilikohoa mara mbili, na mama akasema, "Pole mwanangu, hiyo chaki itakuja kukuua."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mjomba akainyoosha kwangu. "Mwalimu, tusomee. Inasemaje?"

Niliisoma. Ilisema hakuna vijidudu vya TB vilivyoonekana na kifua ni safi. Nikawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno, na nikaona mabega ya Selemani yakishuka. Kama ningekomea hapo, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini Mjomba akauliza, "Kwa hiyo hana?" Wote wakanitazama. Nikafikiria: kama si yeye, watauliza nani mwingine alilala na mtoto. Nikajisikia nasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "Mjomba, karatasi hizi nazo hazimalizi kila kitu. Wakati mwingine vijidudu havionekani kwenye kipimo cha kwanza."

Si uongo, ni kweli inatokea. Ndiyo maana nilitulia nikiisema. Mjomba akakunja uso, akasema, "Basi bora akae kwao mpaka tujue. Mtoto ni wa ukoo, hatuwezi kumchezea." Hidaya akalia. Kesho yake asubuhi Selemani akafunga nguo zake, akamwacha mtoto akiwa bado amelala, akapita nilipokuwa nanawa uso. "Shemeji," akasema, "ahsante kwa kunisomea." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anashukuru kweli.

Oktoba, joto la Morogoro limeanza, nikakohoa damu mbele ya kidato cha tatu. Safari hii si doa. Damu ilirukia daftari la mtoto wa watu. Wasichana walewale walionililia sura ya tatu wakapiga kelele wakakimbilia dirishani. Mkuu wa shule akanipeleka hospitali kwa gari lake, vioo vyote vinne ameviteremsha, mwenyewe ametoa kichwa nje.

Nikaja kwenye benchi. Wewe unalijua. Lipo nje, chini ya bati, ili upepo upite, na kila anayekwenda maabara anapita mbele yenu akiharakisha. Nilijifunika mtandio mpaka machoni. Mzee mmoja pembeni yangu, mwembamba, yuko mwezi wa pili wa dawa, akamenya chungwa akanipa nusu. "Kula, binti. Hapa hatuogopani." Nilitaka kumkumbatia. Tangu siku ile ya darasani hakuna mtu aliyenipa kitu kwa mkono wake.

Sista Magreth, nesi wa kliniki, akanifungulia kadi. Dawa ni za miezi sita, miwili ya mwanzo vidonge vingi, minne ya mwisho vinapungua. Akaniuliza naishi na nani. Nikasema peke yangu. Akauliza, "Na likizo unakwenda wapi?" Kalamu yake ikasubiri. Nikasema kwa mama. "Kuna watoto?" Nikasema yupo mmoja, anatumia dawa hizi hizi tangu Septemba.

Sista Magreth akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. "Basi tumejua mtoto alipoipata," akasema. "Nyumbani wanajua?" Nikasema nitawaambia. Akaandika. Nikaondoka na mfuko wa dawa. Mama nilimwambia naumwa TB; kwamba mtoto aliipata kwangu sikumwambia.

Mama alishuka Kihonda kuniuguza. Alikuja na ndizi, mihogo, kuku wawili na hasira. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela, na ingawa Sista alikuwa ameniambia, siku ya kwanza nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga mlango. Magoti yaliuma nikawa naingia chooni kwa kushika ukuta. Mbavu zilihesabika. Nywele zilibaki kwenye kitana. Halafu wiki ya tatu njaa ikaja, mama wee, njaa ya ajabu! Nilikula ugali saa nne asubuhi, nikala tena saa sita, mama akicheka na kuosha sufuria.

Ila kila akinikorogea uji alikuwa anamlaani Selemani. "Mtu wa watu katumaliza. Kaanza na mtoto, kaja kwako. Na wewe ulivyo na huruma ulikuwa unakunywa majani yake ya mpera! Nani anajua alitia nini." Alisema hayo huku ananipulizia uji upoe. Nami nilifungua mdomo nikanywa. Siku hamsini na zaidi, asubuhi na jioni, nilikunywa uji ule pamoja na jina la yule kijana, na sikusema, "Mama, acha." Wallahi ningeweza kulisema neno hilo hata mdomo ukiwa umejaa. Nilijipa sababu. Nitasema nikipata nguvu. Nitasema awamu ya kwanza ikiisha. Isitoshe, nilijiambia, nani ana uhakika?

Awamu ya kwanza ikaisha Desemba, mvua za vuli zinapiga bati. Makohozi yakawa safi. Mama akapiga vigelegele uani, akarudi mlimani. Nikabaki na muda, nikafungua tena kitabu changu cha yule mwandishi. Nilipokuwa nakusanya habari zake niliwahi kukuta sentensi moja fupi: mdogo wake wa kike, aliyekuwa naye nyumba moja, aliugua kifua hichohicho na kumfuata kaburini baada ya miezi michache. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa hata nimeipigia mstari. Halafu nikaiacha isiingie kwenye sura ya tatu kwa sababu ilikuwa inaharibu mwisho. Nililia kwa hasira, hasira za kujichukia. Nilikuwa nimeandika ushujaa mzima bila kuuliza nani alimfulia yule mama leso zake.

Hata hapo bado sikusema, msinisifu. Aliyenifungua mdomo ni Tatu.

Mwishoni mwa Februari Hidaya alimleta kliniki kuchukua dawa zake za mwezi wa mwisho. Zile za watoto zinayeyushwa kwenye maji, tamu, alikuwa anazipenda. Tulikaa benchi moja, yeye katikati. Alikuwa amenona, tezi zimeisha, meno mawili ya mbele hayapo. Mzee wa chungwa, ambaye siku hiyo alikuja kuchukua majibu yake ya mwisho, akamtania, "Wewe bibi, nani alikupa ugonjwa wa wazee?"

Tatu akajibu kwa sauti ya kutoa taarifa, "Baba. Ndiyo maana wamemfukuza. Lakini mimi simchukii, nikimwona nitamwambia aoshe mikono."

Benchi zima likacheka. Hidaya akageuza uso. Mimi nikainuka nikaenda nyuma ya jengo, nikatoa simu, nikatafuta jina la Mjomba.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Kinole kwenye matope ya mvua za kwanza za masika. Nilikuwa nimempigia Mjomba mwenyewe, nikamwomba kikao. Tukakaa vilevile, kasoro kigoda cha mlangoni. Nilipopewa kiti nikakataa, nikakaa chini. Mama akashangaa. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mjomba, shikamoo. Nina neno."

"Marahaba, Mwalimu. Sema."

Nikasema. Kikohozi kilianza Mei, kabla sijaja likizo. Damu niliiona Juni, nikiwa kwenye nyumba hii. Tatu alilala na mimi mwezi mzima. Nikasema na habari ya karatasi, kwamba ilimsafisha Selemani na mimi nikaongeza maneno yangu juu yake.

Mjomba aliondoa kofia, akaitazama ndani kama anatafuta kitu, akaivaa tena. "Siku ile umekaa hapo, ulikuwa unakohoa."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na wewe ndiye uliyetusomea."

"Ndiyo, Mjomba."

Mama akaanza kulia bila sauti. "Nimemlaani mtoto wa watu," akasema. "Nimemlaani mbele ya chakula. Mwanaidi, mbona uliniacha?" Hidaya aliinuka akatoka nje kwenye mvua. Tulimsikia akikusanya vyombo vilivyokuwa uani, kimoja kimoja.

Mjomba Athumani ni mzee mkali, nilidhani atanifukuza. Akasema, "Aliyemtoa Selemani hapa ni mimi kwa mdomo wangu. Nitakwenda mwenyewe. Na wewe utakuja, utasema mbele yake kama ulivyosema hapa."

Tulikwenda Kisaki watatu, yeye, Hidaya na mimi. Basi lilikwama mara mbili. Tulimkuta Selemani kwenye shamba la mpunga, matope mpaka magotini. Alipomwona Mjomba akaharakisha kunawa mikono, akainama, "Shikamoo, Mjomba." Mzee aliyemfukuza! Mjomba akaitikia kwa shida. Nikasema niliyotakiwa kusema, nimesimama juani, na Selemani alinisikiliza akitazama miguu yake. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu, "Tatu anaendeleaje?"

"Anamaliza dawa mwezi huu," Hidaya akasema. "Mzima kabisa."

Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Huku nako walisikia," akasema baadaye. "Nilikuwa nawekewa kikombe changu peke yangu. Nimekwenda kupima tena mara mbili, ili nijue mwenyewe kama mimi ni muuaji wa mwanangu." Akanigeukia. "Shemeji, nimekusamehe, sina kinyongo. Ila Kinole sirudi kulala. Nikitazama ule ukumbi sitaweza. Nataka mke wangu na mtoto waje huku."

Hilo kwetu ni jambo kubwa. Watoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamke haiachi ardhi ya mama yake kwenda kulima ya watu. Mjomba angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama Hidaya. Hidaya akasema, "Nakuja." Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Ndugu yangu wa kwenye benchi, kikohozi kikipita wiki mbili nenda kapime. Dawa ni bure, mkojo mwekundu hauui, njaa itarudi, na kuna mzee atakupa nusu ya chungwa. Waambie waliolala karibu nawe siku hiyohiyo. Usisubiri kupata nguvu, nguvu haiji kwa kusubiri. Kitabu changu nimekiandika upya, na sura ya tatu sasa ni ya yule mdogo mtu. Wasichana hawakulia safari hii. Waliuliza maswali mpaka kengele ikapigwa.

Aprili nilipomeza kidonge cha mwisho nilipanda Kinole kumsaidia Hidaya kufungasha. Mama alikuwa jikoni, hakutaka kuona. Tatu alikuwa anawaaga kuku. Tulifunga masufuria, nguo, godoro, mimi na Hidaya, karibu bila maneno, maana tangu Kisaki alikuwa ananijibu salamu tu. Tulipofika kwenye mkeka mkubwa akasimama.

"Dada, siku ile ya karatasi. Ulijua kwamba ni wewe?"

"Unajua, Hidaya, kwa hali ya wakati ule, mtu unakuwa huna uhakika, maana kipimo nilikuwa bado—"

"Sijakuuliza kipimo. Ulijua?"

"Nilijua."

Alinitazama, na mimi nikaacha anitazame. Halafu akapiga goti, akaanza kuukunja mkeka.

"Haya," akasema. "Shika upande huo, tufunge."